Kubana upya mipira ya kupozea giaboksi mjini Kisumu: tathmini ya duka la haidroliki

Mwenye gari la otomatiki anayeishi Kisumu, akigundua kwamba mafuta ya giaboksi yanavuja kwenye mabomba yanayoyapeleka kwenye rejeta na kuyarudisha, kwa kawaida huambiwa moja kati ya mambo mawili: aagize bomba jipya kutoka Nairobi na asubiri, au akubali kipande kibovu kikatwe na mahali pake pawekwe mpira wowote ulioko rafuni, ufungwe kwa klipu mbili za kukazwa kwa bisibisi. Njia ya tatu ipo, na ndiyo ninayoitathmini hapa. Katika eneo la viwanda kuna maduka yanayotengeneza mipira ya haidroliki, ambayo riziki yake kubwa hutokana na matrekta ya miwa na mashine za viwanda vya sukari vya upande wa Muhoroni, Chemelil na Kibos, lakini ambayo hayamkatai mteja anayeingia na bomba la gari dogo mkononi. Sitalitaja kwa jina duka nililolitumia, kwa kuwa ya namna hiyo ni zaidi ya moja, na sifa na kasoro nitakazozieleza mteja anaweza kuzikagua mwenyewe katika lolote atakaloingia. Kwa maoni yangu ubanaji wao, yaani kukaza kola ya chuma juu ya mpira kwa mashine, ni wa hali ya juu na bei yao ni ya haki, ila usafi wa ndani ya mpira usiachiwe wao bila kusimamiwa.

Gari lenyewe ni saluni ya Kijerumani ya mwaka 2006, inayosukumwa kwa magurudumu ya nyuma. Pampu iliyo mbele ya giaboksi husukuma mafuta yaliyopata moto kwenye torki konvata (kiungo cha mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi), yakapita katika bomba la chuma, yakaingia kwenye kipande cha mpira, yakafika kwenye chumba chembamba kilichomo ndani ya rejeta, yakapoa, kisha yakarudi kwa bomba la pili. Kile kipande cha mpira hakikuwekwa kwa urembo: injini na giaboksi hucheza juu ya mauntingi zake ilhali rejeta imefungwa kwenye bodi, na chuma kitupu kati ya viwili hivyo kingepasuka mapema. Katika magari mengi ya Kijapani mpira huo huvikwa juu ya bomba na kushikwa kwa klipu ya springi, kwa hiyo kuubadilisha ni kazi ndogo. Katika gari kama langu mpira umeshikwa kwa kola ya chuma iliyobanwa kiwandani kwa mashine, na ni kwenye mdomo wa kola hiyo ambapo uvujaji huanza mara mpira unapozeeka na kukakamaa.

Kabla ya kumpeleka mtu yeyote bomba lolote, ni lazima ijulikane kwa hakika kwamba linalovuja ndilo hilo. Rangi nyekundu pekee si ushahidi, kwa sababu magari mengi yenye usukani wa haidroliki hutumia mafuta mekundu ya jamii ileile, na paipu za usukani hupita karibu sana na za giaboksi. Fundi wangu wa giaboksi, ambaye ana karakana yake karibu na Kibuye na hana uhusiano wowote na duka ninalolitathmini, alisafisha sehemu yote ya chini kwa dawa ya kutoa grisi, akaipanguza ikakauka, akawasha injini, akapitisha gia zote mguu ukiwa kwenye breki, kisha akashuka shimoni na tochi. Hakuangalia palipolowa zaidi. Upepo wa safarini huyapeleka mafuta nyuma, na sehemu iliyolowa zaidi mara nyingi ni ile yalikoishia. Alitafuta mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa penye unyevu. Tone lilijikusanya chini ya kola ya bomba la kurudisha, likaning'inia, likaangukia kinga ya plastiki, na jingine likaanza palepale. Hapo ndipo aliponiambia, "Mwalimu, giaboksi yako ni nzima, kinachovuja ni njia."

Watu wengi hulipuuza tone kama hilo kwa kuwa gari bado linakwenda. Giaboksi ya otomatiki hutumia mafuta yaleyale kulainisha, kupoza na kusukuma klachi zake za ndani, na yakipungua kiasi cha lita moja hivi, pampu inaweza kuanza kuvuta hewa gari linapopanda mlima au kukata kona. Mafuta yenye povu hayana nguvu ya kuzibana klachi barabara, klachi zinateleza, joto linapanda, na joto hilo huunguza mafuta na klachi kwa pamoja. Dalili ya kwanza ambayo dereva huihisi ni gari kuchelewa kuitikia anapoweka D asubuhi. Anayeisubiri dalili hiyo tayari ameshaanza kuingia gharama ya giaboksi nzima ili kuokoa gharama ya mpira.

Mabomba yote mawili yalipofunguliwa, lile la kupeleka lilikuwa na hadithi yake. Kabla sijalinunua gari, mtu fulani alikuwa amelikata kwa msumeno na kuunganisha kwa mpira mweusi na klipu. Katika duka la haidroliki, kijana aliyepokea kazi aliubonyeza mpira huo kwa kidole gumba, na shimo la kidole likabaki. Ulikuwa mpira wa petroli, wa aina ya magari ya zamani ya kabureta, na mafuta ya moto yalikuwa yameulainisha ukavimba. Jambo baya zaidi lilikuwa kwamba ncha ya bomba iliyokatwa ilikuwa laini kabisa, haina lile tuta dogo linalozunguka mdomo na kuuzuia mpira usichomoke. Kiungo cha namna hiyo hakivuji kidogokidogo. Siku kikiachia, giaboksi humwaga mafuta yake barabarani kwa muda mfupi sana, na yakimwagikia bomba la ekzosi lenye moto, gari linaweza hata kuwaka. Kijana yule aliukataa ule upande uliokatwa na kusema hataubania kola juu ya chuma kisichokuwa na tuta, na kwamba lazima kwanza kichomelewe kipande cha ncha chenye mikwaruzo ya kushika mpira. Hapo nilianza kuwaamini, maana ingekuwa rahisi kwao kubana tu na kuchukua pesa.

Kazi yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo inayolitofautisha duka hili na gereji ya kawaida. Kola ya zamani ilipasuliwa kwa urefu wake kwa diski ndogo, fundi akisimama kila mara kutazama asifikie chuma cha ndani, kisha ikafunuliwa kwa koleo na mpira mkavu ukatoka vipande vipande. Ncha ya chuma ilisuguliwa kwa msasa laini hadi ikang'aa. Mpira mpya ulipimwa kwa kulazwa kando ya ule wa zamani, ukakatwa, na alama ya chaki ikachorwa juu yake kuonyesha ni wapi mdomo wa kola unapaswa kuishia mpira ukiwa umeingia wote; alama hiyo isipokuwepo hakuna anayeweza kujua baadaye kama mpira ulirudi nyuma wakati wa kubanwa. Kisha bomba likaingizwa kwenye mashine, ambayo ina meno manane yanayokaribiana kwa pamoja kutoka pande zote, na kola ikasinyaa polepole bila kupinda. Fundi aliitoa, akaipima kipenyo kwa kalipa mahali patatu kwa kuizungusha, akalinganisha na jedwali lililobandikwa ukutani, akairudisha kwa mbano mdogo zaidi, akapima tena. Klipu ya bisibisi hukaza kwa kukisia na huuma mpira upande mmoja zaidi ya mwingine. Hapa mbano ulikuwa na kipimo, na kipimo kilitazamwa.

Kwenye uchaguzi wa mpira nilitofautiana nao kidogo. Mpira wa kwanza walioutoa ulikuwa wa waya wa tabaka moja wenye maandishi EN 853 1SN, ambayo ni kiwango cha Ulaya cha mipira ya haidroliki, wa tundu la milimita 10, na muuzaji aliusifu kwa uwezo wake wa kuhimili shinikizo. Sifa hiyo ni ya kweli lakini haijibu swali. Mpira wa kipimo hicho umetengenezwa kufanya kazi hadi shinikizo la baa 180, ilhali njia ya kupozea giaboksi hubeba baa chache tu. Hata robo ya uwezo huo haitafikiwa kamwe. Kinachoua mpira huu garini ni joto. Aina hiyo ya kawaida huwa na kikomo cha nyuzijoto 100, na mafuta ya giaboksi, ambayo katika safari ya kawaida hukaa kati ya 80 na 95 hivi, yanaweza kupita 100 gari likiwa limepakia na linapanda mwinuko mrefu, tena bomba la kupeleka ndilo linalopokea joto lote kabla rejeta haijafanya kazi yake. Nilipouliza kama wana mpira wa joto kubwa zaidi, walikuwa nao katika bunda jingine ndani ya stoo, wa kuvumilia nyuzi 150, na tofauti ya bei haikuwa ya kutisha. Ninawalaumu kwa kusubiri niulize. Mteja wa trekta huulizia shinikizo na duka limezoea kumjibu huyo. Mwenye gari dogo inambidi alete swali lake mwenyewe.

Liko jambo jingine la kuangalia katika mpira wa waya: ni mgumu kupinda. Kwa ule wa 1SN wa milimita 10, kiwango kinataka mzingo wake usipungue nusukipenyo cha milimita 130, na nafasi iliyopo kati ya injini na fremu katika saluni nyingi haitoshi kwa mzingo mkubwa hivyo. Kwa hiyo wazo la kutupa bomba zima la chuma na kuweka mpira mtupu kutoka giaboksi hadi rejeta, ambalo nimelisikia likipendekezwa kwa bidii na mafundi wengine, si zuri. Duka lilifanya sawa kwa kubakiza chuma chote kilichopindwa kiwandani na kubadilisha tu sehemu ile fupi iliyonyooka. Pia walivika mpira soksi ya kinga mahali unapokaribia fremu, jambo ambalo sikuwa nimeliomba na ambalo hawakulitoza.

Sasa kasoro yao kubwa. Mpira wa waya hukatwa kwa diski, na diski huacha ndani ya tundu unga mweusi wa mpira pamoja na chembe ndogo za chuma. Kwa silinda ya trekta labda si jambo la kuumiza kichwa sana, ingawa nadhani hata trekta lingeshukuru. Kwa giaboksi ya otomatiki ni hatari ya moja kwa moja, kwa sababu bomba la kurudisha humwaga mafuta yake ndani ya giaboksi, na ndani mle mna vali zinazoteleza kwenye vitundu vyenye nafasi finyu mno. Chembe moja ikikwama, gia hubadilika kwa kishindo au haibadiliki. Duka lilipuliza hewa ya kompresa upande mmoja kwa muda mfupi, likafunga kazi kwenye karatasi na kunikabidhi. Niliingiza kipande cha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa bomba na kikatoka cheusi. Nilipowaonyesha hawakubishana, walipitisha kipande cha sponji kwa nguvu ya hewa mara kadhaa kutoka pande zote mbili mpaka kikatoka safi, kisha wakaziba midomo kwa vifuniko vya plastiki. Kifaa walikuwa nacho, ujuzi walikuwa nao. Mazoea ndiyo yaliyokosekana. Fundi wa Kibuye naye hakuridhika na hilo, akayaosha mabomba kwa mafuta mapya ya giaboksi kabla ya kuyafunga.

Duka hufanya utengenezaji tu na halifungi kitu chochote garini. Hii ina maana kwamba gari hubaki juu ya shimo au stendi kwa fundi wako wakati bomba linasafirishwa, kwa upande wangu kwa bodaboda, na ni vyema mambo yapangwe asubuhi ili lisilale likiwa wazi. Haifai kuliburuta gari la otomatiki umbali mrefu magurudumu yanayosukuma yakiwa chini, kwa kuwa injini ikizimwa pampu ya giaboksi haizunguki na sehemu za ndani huzunguka bila kulainishwa. Kwa hiyo mwenye gari linalomwaga mafuta akiwa njiani Ahero au Maseno aite gari la kubeba, asivutwe kwa kamba.

Wakati wa kufunga, mabomba ya gari langu hushikwa kwenye giaboksi kwa bolti zenye tundu katikati, kila moja na washa zake mbili laini. Washa hizo hubonyea zinapokazwa na hazirudii umbo lake, hivyo hununuliwa mpya. Duka la haidroliki lilikuwa nazo za shaba za kipimo kilekile, kwa bei ya chini kabisa katika risiti yote. Kuhusu mafuta, hilo halikuwa jukumu lao, lakini muuzaji alijaribu kuniuzia mafuta ya haidroliki mekundu kwa maelezo kwamba "ni yaleyale." Si yaleyale. Mafuta ya giaboksi huchaguliwa kwa vipimo vilivyoandikwa na mtengenezaji wa gari, na hata kampuni moja huwa na aina zisizobadilishana: Toyota, kwa mfano, hutofautisha Type T-IV na WS, na giaboksi za CVT, zile zinazobadili mwendo bila gia za hatua, zina mafuta yake kabisa. Gari langu halina kijiti cha kupimia. Kuna bomba lililofungwa kifuniko na kijiti ni cha fundi, na kipimo husomwa mafuta yakiwa nyuzijoto 80, injini ikiwa inanguruma. Fundi aliunganisha mashine ya kusoma joto, akasubiri lifike hapo, akaongeza kidogokidogo. Anayepima mafuta yakiwa baridi na kuyajaza hadi alama ya moto atakuwa ameyazidisha, na mafuta yaliyozidi hupigwa na gia zinazozunguka yakafanya povu sawa na yaliyopungua.

Kwa upande wa gharama, mabomba mawili, pamoja na kuchomelea ncha moja, mpira wa joto kubwa, kola na washa, yalifika shilingi 6,400. Bomba jipya moja, lililoulizwa kwa simu kwa wauzaji wa spea wa Nairobi, lilikuwa na bei inayopita mara mbili ya hizo, kabla ya nauli ya kulituma. Malipo yalifanywa kwa M-Pesa na risiti iliandikwa vizuri, ikionyesha aina ya mpira na tarehe. Dhamana waliyoitoa ilikuwa ya mdomo: "Ikivuja kwenye kola, rudi." Nilisisitiza iandikwe juu ya risiti, na ikaandikwa bila kinyongo. Huduma ya mapokezi ni ya wastani. Siku ya trekta kuharibika katika msimu wa kuvuna miwa, mwenye trekta hupewa nafasi ya mbele, na mwenye gari dogo hungoja kwenye benchi bila kuelezwa atangoja hadi lini. Mimi nilingoja nusu siku kwa kazi ambayo mashine iliifanya kwa muda usiofika saa moja.

Jaribio la kweli la kazi kama hii haliwezi kufanyika katika barabara tambarare za mjini. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na njia ya kwenda Kericho hupanda hadi takriban mita 2,000, sehemu kubwa ya mwinuko ikiwa baada ya Awasi. Nilikwenda na abiria wanne na mizigo, na nilipofika Kericho nilitandika kadibodi safi chini ya gari injini ikiendelea kunguruma. Ilibaki safi, na kola zote nne zilikuwa kavu kwa kidole. Mvua kubwa za masika zimeshapita tangu wakati huo, na fundi alipolipandisha tena kwa shughuli ya breki alikuta vumbi kavu juu ya kola.

Wapo ambao duka hili halitawafaa. Ikiwa mabomba ya gari ni ya alumini, waulizwe kwanza kama wana mtu wa kuichomelea, kwa sababu waliyenaye kwa sasa anajua chuma na shaba tu. Na ikiwa maji ya rejeta yameonekana na mafuta, au mafuta ya giaboksi yamegeuka rangi ya waridi iliyochafuka kama chai ya maziwa, tatizo haliko kwenye mipira: ukuta wa kipoza kilichomo ndani ya rejeta umetoboka, maji yameingia kwenye giaboksi, na gundi inayoshika bitana za klachi huharibiwa na maji hayo. Gari la namna hiyo lisiwashwe tena mpaka rejeta ibadilishwe na giaboksi ioshwe, na mpira mzuri kuliko wote wa eneo la viwanda hautalisaidia.